Shajara ya mradi: SPAD VII ya Squadriglia 91, modeli ya plaiwudi na ubao wa historia yake

Wakuu, naanza kuandika hapa hatua kwa hatua ili anayetaka kuiga aige, na anayetaka historia tu asome historia. Mradi wenyewe ni modeli ya ndege ya Vita vya Kwanza vya Dunia, SPAD VII, kipimo cha 1 kwa 20, ya plaiwudi na kitambaa, na nyuma yake ubao wa ukutani wenye historia ya kikosi kilichoirusha, Squadriglia ya 91 ya Italia. Vyote vinaenda kwenye maktaba ya shule ya sekondari mtaani kwetu. Bei zote nitakazotaja ni za shilingi ya Tanzania.

11 Januari 2025: kwa nini kikosi hiki

Ukiuliza watu habari za marubani wa vita ile watakutajia Red Baron wa Ujerumani halafu kimya. Uwanja wa vita wa Italia haupo kabisa vichwani mwetu, wakati watu walipigana huko juu ya milima ya Alps na kwenye mito kwa zaidi ya miaka mitatu. Italia iliingia vitani Mei 1915 dhidi ya Austria-Hungaria, na ndege za kuwinda ndege za adui ikazitegemea kutoka Ufaransa, Nieuport 11 kwanza, zikaja kuundwa Italia kwenyewe na kampuni ya Macchi pale Varese.

Tarehe 7 Aprili 1916 Francesco Baracca, ofisa wa wapanda farasi kutoka Lugo aliyehamia urubani, akaiangusha Hansa-Brandenburg ya Waaustria karibu na Medeuzza, na huo ndio unahesabiwa ushindi wa kwanza wa rubani wa Italia hewani. Alitumia risasi 45 tu. Halafu akatua karibu na pale akaenda kumpa mkono rubani aliyemwangusha, yule mwenzake wa kiti cha nyuma alikuwa ameumia vibaya na hakupona. Bunduki ya Nieuport ilikaa juu ya bawa la juu ili risasi zipite juu ya pangaboi, kwa hiyo magazini ikiisha rubani ananyanyua mkono kwenye baridi na upepo kubadilisha, mkono mwingine unashika ndege isipinduke. Kila nikifikiria hilo naona kwa nini SPAD ilipokuja wote waliitaka.

Siku chache baada ya ushindi ule kikosi cha Baracca kikapewa jina jipya, Squadriglia ya 70, halafu tarehe 1 Mei 1917 pale uwanja wa Santa Caterina, karibu na Udine, marubani wake bora wakatolewa wakaundiwa kikosi kipya, ndio 91 hii. Waitaliano walikuja kuiita kikosi cha mabingwa. Baracca akawa mkuu wake, na chini yake wakawepo Fulco Ruffo di Calabria, Luigi Olivari, Ferruccio Ranza, Giovanni Sabelli, Bortolo Costantini na wengine. Kwenye ubao wangu wote hao watakuwepo, maana habari nyingi zinamtaja Baracca peke yake kana kwamba alikuwa anaruka na kivuli chake.

25 Januari: mwili na pua

Vipimo: SPAD VII halisi ilikuwa na upana wa mabawa wa mita 7.82 na urefu wa karibu mita 6.08, gawa kwa 20 unapata sentimita 39.1 na 30.4. Ukubwa huu unakaa vizuri mezani na mkono unafika kila mahali.

Mwili ni rahisi, fremu nne za plaiwudi ya mm 3 na mbavu ndogondogo, nisipoteze muda hapo. Mabaki ya plaiwudi kwa fundi seremala 6,000, gundi nyeupe ya mbao 5,000, msasa na nyembe 3,000, vijiti vya mishikaki 1,500 (hivi utavihitaji sana mbele).

Shida ilikuwa pua. SPAD ina rejeta ya duara mbele kabisa, kwa sababu injini yake Hispano-Suiza ni V8 (silinda nane) ya kupozwa kwa maji, nguvu za farasi 150 na baadaye 180, wakati Nieuport ilikuwa na injini inayozunguka yenyewe na kupozwa na hewa. Nilianza kukunja kadibodi kupata ule mviringo, ikapata kona. Nikajaribu kifuniko cha chupa ya maji ya lita nyingi, kikawa kidogo na rangi haikushika kwenye ile plastiki laini. Kilichokubali ni kipande cha bomba la PVC, fundi bomba alinipa bure, nikakikwangua kwa msasa mpaka kikapoteza ung'aavu ndipo puti na rangi vikashika. Ndani yake nikapanga vijiti vya wima kuonyesha zile pazia za kufungua na kufunga hewa. Hizo sio pambo: kiangazi SPAD za mwanzo zilikuwa zinachemsha maji, na wakati wa baridi injini inapoa kupita kiasi, kwa hiyo rubani hewani anaangalia adui na joto la maji kwa pamoja.

Bunduki ni moja, Vickers, inakaa mbele ya uso wa rubani na kupiga katikati ya pangaboi kwa mtambo uliounganishwa na injini. Nimeitengeneza kwa mrija wa kalamu na kijiti.

16 Februari: mabawa, hapa ndipo pesa ilipopotea

Anayetaka kuiga asome hapa polepole.

Mifupa ya bawa nilikata vizuri, mbavu za plaiwudi juu ya vijiti viwili virefu. Kitambaa cha kwanza kilikuwa chifoni, 5,000, kwa sababu ni chepesi na kinaonyesha mbavu kama kwenye picha. Ukipaka gundi iliyochanganywa na maji inakunjamana, na ikikauka matundu yake yanabaki wazi, rangi inapita mpaka ndani. Nikaitoa yote. Nikachukua bitana ya kushonea suti, mita moja 4,000, hiyo imeshika safi, imekaza kama ngoma.

Tatizo likawa hilohilo la kukaza. Kitambaa kikikauka kinavuta, na mimi nilikuwa nimevika upande wa chini peke yake nikisubiri ukauke ndio nigeuze, kesho yake bawa limejipinda kama jani la mgomba juani. Dawa yake: loanisha tena, vika pande zote mbili kwa mkupuo mmoja, lilaze kwenye ubao ulionyooka, weka vijiti vya kuinua kingo hewa ipite, kandamiza kwa matofali na uliache usiku mzima na mchana wake. Bawa la chini lilinyooka kabisa. La juu lilibaki na kapindo kadogo kushoto, nikalikata mbavu moja, nikaunga upya.

Halafu nguzo. Ukitazama picha ya SPAD utaona nguzo mbili kila upande kati ya bawa la juu na la chini, utadhani ni mbili za kubeba uzito. Ukweli ni kwamba nguzo ya nje ndiyo inayobeba, ile ya ndani ni nyembamba na kazi yake ni kushika nyaya pale zinapokatana zisitetemeke. Ndio maana ndege hii ilikuwa inastahimili kupiga mbizi kwa kasi, wakati Nieuport yenye bawa dogo la chini marubani walikuwa wanaogopa kuishusha kwa nguvu. Kwa hiyo kwenye modeli nguzo ya nje weka kijiti cha mshikaki kizima, ya ndani ukipasue kati. Mkitumia unene mmoja itaonekana ndege nyingine.

Nyaya: mshipi wa kuvulia samaki 2,000 ulilegea wote joto lilipopanda mchana, modeli ikawa kama imechoka. Nikautoa nikaweka uzi wa lastiki wa mafundi cherehani, 1,000, unavutwa kidogo tu halafu tone la supagluu. Mpaka leo umekaza.

Kitu kimoja kinachosahaulika na wengi: vile vibawa vya kuinamisha ndege kulia na kushoto vipo kwenye bawa la juu peke yake, na vinaendeshwa na fimbo za wima zinazotokea bawa la chini. Msiviweke kote.

9 Machi: jedwali la ushindi

Modeli inakauka rangi ya kwanza, nimehamia kwenye historia. Nilitaka jedwali rahisi, jina la rubani na idadi ya ndege alizoangusha, halafu jumla ya kikosi chini. Majina yalipatikana: Baracca 34, Ruffo 20, Ranza 17, Olivari 12, Costantini 6, Sabelli 5. Hizo ni hesabu zinazofuata orodha rasmi jeshi la Italia lilipopitia madai yote mwanzoni mwa 1919.

Jumla ndiyo iliyokataa. Waitaliano wakati ule, kama Wafaransa, marubani watatu wakishirikiana kuangusha ndege moja kila mmoja anaandikiwa ushindi mzima, kwa hiyo ukijumlisha safu unapata ndege nyingi kuliko zilizoanguka kweli. Na hawa wa 91 walikuwa wanaruka wawiliwawili na watatuwatatu karibu kila siku, wamechangia sana. Pia kuna ndege zilizoonekana zikishuka zinafuka moshi ng'ambo ya mstari wa adui, Waitaliano wakaandika ushindi, na kwenye kumbukumbu za Austria rubani huyo alitua salama akala chakula chake cha jioni.

Nimefuta safu ya jumla. Jedwali sasa linaanza na tukio: tarehe, mahali, aina ya ndege, halafu majina yote yaliyoshiriki kwenye mstari mmoja. Limekuwa refu zaidi lakini kijana akilisoma anaona kitu ambacho orodha ya mabingwa haionyeshi, kwamba ilikuwa kazi ya timu.

Pier Ruggero Piccio mwenye 24 nimemtenga. Vitabu vingi vinamweka 91, ila yeye alikuwa mkuu wa Gruppo ya 10, yaani ngazi ya juu iliyokuwa na 91 chini yake, na alikuwa anapenda kuruka nao. Ana kisanduku chake pembeni. Na Silvio Scaroni mwenye 26 msimweke kabisa, huyo ni wa Squadriglia ya 76.

Kuna pengo pia watu wataliuliza: Baracca anafikisha ushindi wa 30 mwezi Desemba 1917, halafu hakuna kitu mpaka Mei 1918. Hakuwa mgonjwa wala hakuogopa, aliondolewa kwenda kupima ndege mpya ya Ansaldo iliyoundwa Italia, ile iliyoitwa Balilla, na yeye na wenzake hawakuiona kuwa bora kuliko SPAD.

30 Machi: ramani na Caporetto

Ramani ya kwanza nilichapisha kubwa, 15,000, ikaenda na maji. Ni ramani ya leo, na sehemu kubwa ya mapigano ya mto Isonzo sasa iko Slovenia, Caporetto imeandikwa Kobarid, mto umeandikwa Soča, barabara kuu zimejaa, mwanafunzi hawezi kufuata chochote. Ya pili nimeichora mwenyewe juu ya ramani tupu ya mito: Isonzo mashariki, Tagliamento katikati, Piave magharibi, nukta za viwanja, basi. Uchapishaji 15,000 nyingine. Kama mnaiga anzeni na mito, vita hii yote ilikuwa ya mito.

Oktoba 1917 ndiyo inayonishika moyo kwenye historia hii nzima. Tarehe 13 Olivari, mwenye ushindi 12, alikuwa anapaa pale Santa Caterina, ndege ikapandisha pua mno ikapoteza kasi ikaanguka, akafa uwanjani kwake mwenyewe bila adui kuwepo. Tarehe 24 Waaustria na Wajerumani wakavunja mstari Caporetto. Kesho yake Sabelli akaangushwa akafa. Baracca alikuwa anaruka siku hizohizo na kushinda, huku chini yake jeshi zima linarudi nyuma, Waitaliano zaidi ya 250,000 wakatekwa, na Udine ikachukuliwa tarehe 28. Kikosi kikahama uwanja wake, kikapita upande wa Pordenone, kikafika Padova, na mwaka uliofuata kikatulia Quinto di Treviso nyuma ya Piave.

Kwenye ramani nilianza na mshale mmoja mrefu wa kurudi nyuma lakini ulionekana kama safari ya basi. Sasa kila kituo kina nukta na chini yake majina ya waliokuwa hai kikosi kilipofika pale. Santa Caterina ina Olivari na Sabelli, Quinto hawapo. Hakuna maelezo mengine niliyoweka.

20 Aprili: farasi

Nilijua hapa itakuwa rahisi, farasi yule mweusi kila mtu anamjua, yuko kwenye bajaji, kwenye fulana, kwenye daladala. Nikanunua stika ya Ferrari 2,000 nikapunguza ile njano. Nikaiweka pembeni ya picha ya SPAD ya Baracca: sio farasi huyohuyo. Wa Baracca mkia wake unashuka chini, wa Ferrari mkia umepanda juu, na mwili wa Ferrari ni mwembamba zaidi. Stika imetupwa.

Historia yake fupi: Baracca alitoka kikosi cha farasi cha Piemonte Reale, na farasi alimchora kwenye ndege zake. Mwaka 1923 Enzo Ferrari alishinda mbio za magari karibu na Ravenna, akakutana na wazazi wa Baracca, mama yake akamwambia aweke farasi wa mwanawe kwenye magari yake atapata bahati. Ferrari akaongeza njano ambayo ni rangi ya mji wake Modena. Kwa hiyo kijana anayepita na bajaji yenye ile stika amebeba alama ya mtu aliyekufa vitani 1918, na hilo nimeliandika kubwa kwenye ubao.

Kuchora: nilikata umbo kwenye karatasi ngumu ya laminesheni, nikapiga rangi nyeusi, ikavuja kingo kwa sababu bitana ina nyuzi. Nikapaka juu kwa rangi ya mwili, nikarudia hivi: weka umbo, piga vanishi isiyo na rangi kwanza kingoni iache ikauke, ndipo nyeusi, kidogokidogo kwa sponji. Kingo zimetoka kali. Rangi zote pamoja, krimu ya mwili, nyeusi, nyekundu na kijani za chini ya mabawa, 18,000.

11 Mei: Montello

Kisanduku cha kifo cha Baracca nimekiandika upya mara kadhaa. Juni 1918 Waaustria walivuka Piave wakakamata sehemu ya kilima cha Montello. Tarehe 15 alipata ushindi wake wa mwisho, wa 33 na wa 34. Halafu vikosi vya kuwinda vikapewa kazi ya kushuka chini kupiga askari kwenye mahandaki, kazi ambayo ubingwa wa hewani hausaidii sana, unapita chini na kila bunduki inakutazama wewe. Jioni ya tarehe 19 akatoka na rubani mdogo Franco Osnago, wakapotezana, hakurudi. Mwili ulipatikana Montello siku chache baadaye adui aliporudi ng'ambo ya mto. Alikuwa na miaka 30.

Italia ilisema alipigwa kutoka ardhini. Austria ilisema aliangushwa na ndege yao ya viti viwili, Phönix, iliyokuwa na Max Kauer na Arnold Barwig. Wengine wakasema alijimaliza asitekwe. Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ile ya ardhini peke yake. Nimeziweka zote tatu, kwa herufi za ukubwa mmoja, na mwalimu wa historia amefurahi kwa sababu anaweza kuwauliza wanafunzi wangetafuta ushahidi gani.

31 Mei: waliobaki, na gharama

Ubao wenyewe, plaiwudi ya mm 12 nusu shiti, 30,000. Modeli imepandishwa kwa waya mnene unaotokea chini ya mwili, usitumie uzi wa kuning'iniza, feni ya maktaba itaizungusha.

Kisanduku cha mwisho ni cha waliotoka wazima. Costantini akawa dereva wa Bugatti akashinda mbio za magari za Targa Florio 1925 na 1926. Mario de Bernardi, naye aliyepita 91, akashinda mbio za ndege za Schneider 1926 kule Marekani. Guido Keller, wa 91 pia, akaenda mji wa Fiume na mshairi D'Annunzio aliyeuteka, na Novemba 1920 akaruka mpaka Roma akadondosha chombo cha kukojolea juu ya bunge. Ruffo, aliyechukua ukuu wa kikosi baada ya Baracca na ambaye ndege yake ilikuwa na fuvu la kichwa, ni baba wa Paola aliyekuja kuwa malkia wa Ubelgiji, kwa hiyo mfalme Philippe, yule aliyekwenda Kinshasa Juni 2022 na kutoa masikitiko yake kwa yaliyofanywa Kongo, ni mjukuu wake.

Na Ranza. Huyu alimpokea Ruffo ukuu wa kikosi mwishoni mwa vita, rubani hodari, na mwaka 1935 Italia ilipoivamia Ethiopia yeye ndiye alikuwa mkuu wa ndege za Italia upande wa Somalia. Vita ambavyo Italia ilimwaga gesi ya sumu kutoka angani juu ya watu ambao hawakuwa na ndege za kuwajibu. Kuna mtu aliniambia nisiiweke, ubao ni wa Vita vya Kwanza na itaharibu picha. Nimeiweka, mistari mitatu, chini ya picha yake akiwa kijana Santa Caterina. Watoto watakaosoma ubao huu wanaishi Afrika Mashariki, wana haki ya kujua rubani yule alikuja kufanya nini upande wetu.

Jumla mpaka leo 107,500. Ukitoa vilivyotupwa, yaani chifoni, mshipi, stika na ramani ya kwanza, wewe utaifanya kwa 83,500. Vielelezo vya mbavu za mabawa navichora upya kwa usafi, vikiwa tayari nitaviweka hapa pamoja na umbo la farasi. Baada ya hapo naanza Nieuport 11 ya Medeuzza kwa kipimo hikihiki, na bitana imebaki ya kutosha.